Mutoto anahamia Nairobi: Kifaransa, Cambridge ao IB?

Mama wa Himbi: Jambo ba yaya. Bwana yangu alipata kazi Nairobi, tunatoka Goma mwezi wa munane, na mutoto anamaliza ya sita primeri, Kifaransa tu, Kiingereza ni salamu basi. Tumuweke wapi: masomo ya Ufaransa, Cambridge (masomo ya Uingereza) ao IB (programu ya kimataifa)? Naogopa apoteze mwaka.

Papa Katindo: Mama, kama kazi inaweza kuwahamisha tena Kigali ao Dakar, masomo ya Ufaransa njo salama, programu ni moja kila fasi, mutoto anahama na darasa yake.

Yaya wa Birere: Mi naona ingine. Kwa miaka yake lugha inaingia haraka! Mu Cambridge anafanya mitihani ya IGCSE akiwa na karibu miaka 16, kisha mu A-level, madarasa ya mwisho ya sekondari, anachagua masomo 3 ao 4, kama anapenda hesabu anazama mule. IB miaka 2 ya mwisho ni masomo 6 na andiko ya maneno 4000, nzuri sana, lakini minervali, pesa ya masomo, aii, uliza kwanza kama kazi ya bwana inalipa.

Mama wa Himbi: Inalipa nusu. Aksanti sana, nitaenda naye akae mu darasa ya Kiingereza siku moja mbele tuandikishe.