Kitambaa cha duara kinajikunja kama bakuli: nifumue au pasi itakilaza?

meza_ya_kati

Habari zenu wafumaji. Nafuma seti ya sebuleni: kitambaa kimoja cha duara cha meza ya kati, kipana sentimita 50, na vidogo vinne vya stuli.

Cha meza natumia uzi wa pamba namba 10 na kulabu ya milimita 1.5. Nilifunga cheni 6, nikaweka nguzo (vishono vya kusimama) 10 ndani yake, na kila raundi naongeza 10. Sasa niko raundi ya 9, nguzo 90, na kitambaa ni bakuli kabisa. Nikikibonyeza katikati, kingo zinanyanyuka.

Cha stuli ni kinyume chake. Uzi wa sweta wa akriliki, kulabu ya milimita 4, nguzo fupi tupu. Kielelezo nilichofuata ni cha Kiingereza, kinasema anza na 12, ongeza 12 kila raundi. Raundi ya 6 tayari kina mawimbi kama jani la kabichi.

Je, wanga na pasi vitakilaza hilo bakuli au nifumue? Na wanga wenyewe, mbona ukikauka unaacha mabaka meupe kwenye uzi wa rangi?

---

hesabu_na_kulabu

Fumua, dada. Bakuli la raundi 9 halilazwi na pasi. Utalikandamiza leo, kesho unyevu ukiingia kingo zinasimama tena, kwa sababu nyuzi zenyewe hazitoshi kuzunguka.

Sababu ni hii. Kila raundi inausogeza ukingo mbali na kitovu kwa kimo cha nguzo moja. Ili duara lilale, mzingo nao lazima urefuke kwa kimo hicho mara 6.28, yaani ile 3.14 ya shuleni mara mbili. Sasa nguzo fupi (ingiza kulabu, vuta uzi, vuta tena kupitia vitanzi viwili) ina kimo karibu sawa na upana wake, kwa hiyo kila raundi inadai nyongeza 6. Nguzo ya kawaida, ile ya kuzungusha uzi mara moja kwenye kulabu kabla ya kuingiza, kimo chake ni kama mara mbili ya upana, inadai 12. Nguzo ndefu, ya kuzungusha mara mbili, inakwenda 16 hadi 18.

Wewe umeongeza 10 panapotakiwa 12, na upungufu unajilimbikiza. Raundi ya 9 ilipaswa kuwa na nguzo 108, una 90. Hizo 18 zilizokosekana ndizo zinazovuta ukingo ndani.

Hesabu ya nguzo ya kawaida:
raundi 1: 12
raundi 2: mbili katika kila tundu, 24
raundi 3: moja, kisha mbili tundu moja, 36
raundi 4: moja, moja, kisha mbili tundu moja, 48
na kuendelea, kila raundi unaongeza nguzo moja ya peke yake kabla ya ile ya mbili.

Usijaribu kuliokoa bakuli kwa kuongeza nyingi kuanzia raundi ya 10. Utapata kofia yenye ukingo wa mawimbi, na kofia hukuitaka.

Kabichi yako ina chanzo kingine: jina. Vielelezo vya Kiingereza vya Marekani vikisema "double crochet" vinamaanisha nguzo ya kawaida. Vya Uingereza vikisema maneno hayohayo vinamaanisha nguzo fupi. Inaelekea chako ni cha Marekani, ukakisoma kwa mazoea ya Kiingereza cha Uingereza. Ukaweka nguzo fupi na nyongeza 12, mara mbili ya inayohitajika. Njia rahisi ya kutambua kielelezo kimetoka wapi: kikitaja "single crochet" popote, ni cha Marekani, kwa sababu Uingereza neno hilo halimo katika vielelezo vya siku hizi.

---

pindo_safi

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwa nguzo fupi. Kwa nguzo ya kawaida ya uzi mwembamba, hiyo 12 isichukuliwe kama amri. Uzi wa pamba namba 10 ukifumwa kwa kulabu ya chuma hutoa nguzo nyembamba na ndefu, na kwa mikono mingi kimo kinazidi mara mbili ya upana. Wengi wanaofuata 12 kwa uzi huo wanaishia na kisahani badala ya bakuli, halafu wanalaumu uzi.

Pima mkono wako. Fuma kipande cha mraba, nguzo 20 kwa safu 10. Kioshe, kikaushe kimelala bila kukivuta (pamba hurudi ikioshwa, ukipima kabla umejidanganya), kisha chukua rula. Urefu wa safu 10 gawanya kwa 10, upate kimo. Upana wa nguzo 20 gawanya kwa 20, upate upana. Kimo gawanya kwa upana, zidisha kwa 6.28. Namba inayotoka ndiyo nyongeza yako. Ikija na vipande, shuka chini badala ya kupanda: upungufu mdogo unavutwa na pini wakati wa kutia wanga, lakini ziada haina pa kwenda, itabaki wimbi.

Mambo mengine mawili yanayoharibu hesabu bila mtu kujua.

La kwanza ni cheni 3 za kupandia raundi. Amua mapema kama zinahesabiwa kuwa nguzo au hazihesabiwi. Kama zinahesabiwa, raundi ya 1 ni cheni 3 na nguzo 11, na raundi inafungwa kwenye cheni ya tatu kutoka chini. Ukifunga kwenye ya pili au ukafunga kwenye nguzo iliyo jirani, unapoteza au unazidisha moja kila raundi, na mstari wa maungio unakwenda mshazari kama ngazi ya mnazi. Weka uzi wa rangi nyingine kwenye nguzo ya kwanza kila raundi. Kuhesabu nguzo 200 upya saa nne usiku si kazi ya kumpa mtu.

La pili ni pembe. Ukiweka nyongeza juu ya nyongeza kila raundi, duara linageuka kuwa na pembe, na kwa nguzo fupi ya 6 zinaonekana wazi: unapata umbo la pembe sita kama chumba cha sega la nyuki. Dawa ni kuzisogeza. Raundi moja anza kama kawaida. Raundi inayofuata anza katikati ya fungu. Kwa mfano, mahali pa "moja, moja, mbili tundu moja" fuma "moja, mbili tundu moja, moja". Idadi haibadiliki, pembe zinapotea.

Na usibadilishe kulabu katikati ya kazi. Kulabu za chuma zinachanganya: kwa namba za Kimarekani, namba ikikua kulabu inakuwa nyembamba zaidi. Soma milimita, achana na namba. Uzi nao ni hivyohivyo, namba 20 ni mwembamba kuliko namba 10.

---

wanga_wa_muhogo

Nijibu la mabaka. Yanatoka kwenye wanga uliotiwa mbichi, uliopikwa mzito mno, au usiochujwa. Unga mbichi hauingii kwenye uzi. Unakaa juu, ukikauka ni vumbi. Uzi mweupe unauficha, uzi wa bluu au wa damu ya mzee unauanika.

Upike hivi. Kijiko kimoja na nusu cha chakula cha unga laini wa muhogo (au wanga wa mahindi), koroga kwa robo kikombe cha maji baridi mpaka usiwe na hata donge moja. Chemsha vikombe viwili vya maji, mimina mchanganyiko huo polepole huku ukikoroga, na endelea mpaka weupe wa maziwa uondoke na uanze kuwa angavu. Dakika mbili tatu zinatosha. Chuja kwa kitambaa chepesi. Uache upoe hadi uvuguvugu. Ukitaka kitambaa kigumu zaidi, cha kusimamisha pindo la maua, tia vijiko viwili na nusu, lakini kitambaa cha kulala mezani kitakuwa kigumu kama kikaango.

Kitambaa kiloweshe kwanza kwa maji safi na ukikamue. Kikiingia kikavu kwenye wanga, sehemu moja inanywa sana na nyingine kidogo, hapo tena ni mabaka. Zamisha, binya kwa viganja, usisonge kama unakamua nguo. Kabla ya yote hayo jaribu rangi: bonyeza kitambaa cheupe chenye maji kwenye uzi, hasa mwekundu na mweusi. Kikichukua rangi, usitumie wanga wa moto.

Kisha kutandaza. Chora duara kwenye karatasi, sentimita 50, gawanya kama keki vipande 12, funika kwa nailoni, weka juu ya godoro la sponji. Pini ya kwanza kwenye kitovu. Nne zinazofuata pande nne zinazotazamana, halafu katikati yao, na kuendelea. Ukianza upande mmoja ukazunguka, duara litakwenda yai. Pini ziwe zisizoshika kutu. Doa la kutu kwenye pamba halitoki kwa sabuni. Kausha kivulini penye upepo au mbele ya feni. Pwani wakati wa masika, kitambaa chenye wanga kikikaa na majimaji usiku kucha kinavunda na kuota ukungu.

Wapo wanaotumia maji ya sukari. Kweli kitambaa kinakuwa kigumu kama kigae, na sisimizi watakushukuru. Wanga nao unapendwa na mende, kwa hiyo kitambaa cha kuweka kabatini miezi kioshwe wanga utoke kwanza, kitiwe upya siku ya kukitandika.

Haya yote ni ya pamba. Akriliki ya stuli haishiki wanga vizuri, na pasi ya moto inaiua: uzi unalegea, unang'aa, hausimami tena. Iloweshe, ibandike kwa pini, iache ikauke. Basi.

---

meza_ya_kati

Asanteni sana. Nimefumua vyote viwili. Kipande cha kupimia nimekiosha na kimekauka: safu 10 ni sentimita 7, nguzo 20 ni sentimita 6.5. Nimepata 13.5. Sasa 13 haigawanyiki vizuri na pindo ninalolitaka, lile la magamba, ambalo linakula nguzo 6 kwa gamba. Nifanyeje? Pia nina mabonge mawili tu ya gramu 50, sijui kama yatatosha.

---

pindo_safi

Chukua 13. Ile nusu iliyobaki itavutwa na pini, ni chini ya nne katika kila mia.

Pindo lisikusumbue mpaka raundi ya mwisho. Nguzo yako ina kimo cha milimita 7. Nusu ya sentimita 50 ni 25. Toa sentimita moja na ushee ya pindo, inabaki karibu 23.8, yaani raundi 34. Mara 13 ni nguzo 442. Namba ya karibu inayogawanyika kwa 6 ni 444. Kwa hiyo katika raundi ya 34 ongeza nguzo mbili za ziada, moja kila upande wa duara, hakuna jicho litakaloziona. Utapata magamba 74.

Gamba lenyewe: ruka nguzo 2, weka nguzo 5 katika tundu moja, ruka nguzo 2, funga kwa kitanzi kwenye inayofuata. Rudia. Magamba yakikunjana, weka 4 badala ya 5 katika tundu. Yakiwa yamevutika na ukingo umekaza, basi ni mkono wako umebana kwenye vitanzi vya kufungia, si idadi. Vilegeze.

---

hesabu_na_kulabu

Kuhusu uzi: usikadirie kwa kuangalia raundi ngapi zimebaki. Uzi unafuata eneo la duara, na eneo linakua kwa mraba wa nusu-kipenyo. Ukifika raundi ya 17, nusu ya safari, umetumia robo tu ya uzi. Hapo ndipo wengi hufurahi mapema.

Pima bonge kwa mizani ya jikoni kabla ya kuanza, na tena ukimaliza raundi ya 17. Tofauti izidishe kwa 4, kisha weka gramu 10 za akiba kwa pindo na za kufichia ncha. Mfano, umetumia gramu 24: mara 4 ni 96, pamoja na pindo 106, mabonge mawili hayatoshi. Kanunue la tatu siku hiyohiyo, ukiwa na karatasi ya bonge la kwanza mkononi, na ulinganishe namba ya loti (fungu la uzi uliotiwa rangi pamoja). Rangi ya jina moja kutoka loti mbili hutofautiana kidogo, na kwenye duara tofauti hiyo inajitokeza kama pete.

Kama dukani loti imekwisha, usisubiri uzi wa kwanza uishe ndipo uunge. Kwa raundi 4 za mwisho badilishana: raundi moja uzi wa zamani, moja uzi mpya. Pete haitaonekana.