Mrejesho: programu ya video kujifunga, chanzo ni draiva

Niliuliza kwa nini programu ya kuhariri video inajifunga kila ninapotoa video iliyokamilika (export), kwenye laptop ya Windows yenye kadi mbili za picha: moja ndani ya prosesa, nyingine kubwa ya pembeni. Imetengamaa. Event Viewer (kumbukumbu ya matukio ya Windows) ilionyesha namba 4101: draiva ya picha, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, iliacha kuitika, ikarudishwa. Kusakinisha draiva mpya juu ya ya zamani hakukusaidia, maana mabaki ya zamani yanaweza kubaki.

Dawa: pakua draiva zote mbili kwanza, zima intaneti (la sivyo mfumo utajiwekea yake katikati ya kazi), ingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya msingi tu), zifute za zamani kwa DDU (Display Driver Uninstaller, programu ya kufuta draiva za picha), washa upya, sakinisha ya kadi iliyo ndani ya prosesa, kisha ya ile kubwa. Halafu Settings, Display, Graphics: ipe programu High performance.

Kuongeza RAM, kama baadhi walivyoshauri, kusingegusa tatizo hili.