Wimbo wa talaka yangu: niuimbe harusini au niufungie?

Mwana_wa_Amu: Assalamu alaykum wanajamvi. Mimi ni mwimbaji wa taarabu hapa Lamu, mwaka wa 11 huu, sanasana harusi za wanawake. Siku zote naimba tungo za watu. Nilipoachwa mwaka jana nikaanza kutunga zangu, usiku, kwenye daftari la mwanangu la madrasa. Ziko 6. Mmoja unaitaja talaka yangu waziwazi, hadi rangi ya kikoi alichovaa mume siku hiyo. Mama asema ni aibu, na mawifi wa zamani wako mlango wa tatu, mji wenyewe huu vichochoro. Lakini nikiutia mafumbo naona kama nasema uongo. Nifanyeje?

Udi_Mkavu: Pole dada. Mimi mpiga udi, nimeona mengi. Mtu akiinuka kukutuza pesa huku anamkata jicho jirani yake, wimbo huo si wako tena, ni wake. Sasa ukitaja kikoi, nani atautuza? Ushamfungia mlango. Fumbo si uongo.

Binti_Malindi: Sikubali. Siti binti Saad, mwimbaji mkubwa wa taarabu, aliimba kesi ya mauaji iliyotokea Unguja, watu wakijua ni nani. Na ndiye huyo aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Uoga wa nini?

Udi_Mkavu: Kesi ya watu ile, si ya chumbani kwake.

Mzee_wa_Daka: Mwanangu, Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utenzi akiwa mgonjwa, yapata 1858. Hakuutungia ukumbi. Huo wa kikoi una mtu wake, huenda ni huyo mwenye daftari akishakua. Wa harusini tunga mwingine. Hebu tuonjeshe ubeti.

Mwana_wa_Amu: Nimekesha nao, mzee wangu:

*Nilipanda mkunazi, kwa maji ya mato yangu*
*Wachumao ni majizi, wapita na tunda langu*
*Nami sina tena kazi, ni kuhesabu matungu*

Udi_Mkavu: Silabi nane kwa nane, mizani imetimia. Huu hata mimi nautuza, na sijaachwa! (Bado.)

Binti_Malindi: Haya, nimeshindwa. Mkunazi huo uko hata uani kwetu.

Mzee_wa_Daka: Mashallah. Ila hilo "majizi" kali kidogo, na wifi zako watakuwepo.

Mwana_wa_Amu: Ijumaa nina harusi mtaa wa Langoni, na wamealikwa kweli. Daftari nimelifungia kashani. Majizi yanabaki.