Kamera ya sura kivukoni Likoni: ikosee vipi?

Naandika hadithi ya Mombasa ya mwaka 2060. Kamera yasoma sura: mwenye alama nzuri apanda feri, mwengine abaki juani. Kosa niliweke wapi?

— Kamera si jini, kaka. Yageuza uso kuwa safu ya namba, mara nyingi 128 au 512, kisha yalinganisha. Cheza na kizingiti, yaani kiwango cha kufanana kinachotakiwa: kikishuka, Ali apita kama Omari, kikipanda, Ali mwenyewe akataliwa.

— Na jua likiwa mgongoni, uso mweusi wawa kivuli. Programu za kukisia jinsia zilipopimwa 2018, zilikosea hadi 34.7% kwa wanawake weusi, 0.8% kwa wanaume weupe.

— Mwenye nikabu je, afunue mbele ya nani? Halafu Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, kwa kawaida yazuia mashine kukuamulia peke yake. Basi, ili ionekane mtu ndiye aliyeamua, mweke karani abonyezaye "kubali" bila kutazama.