Je, miaka ya sabini ilikuwa kweli kama inavyosimuliwa vijiweni?

Mjukuu wa Kasulu anauliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Nina umri wa miaka 29 na naishi Kasulu, mkoani Kigoma. Kwenye kijiwe chetu cha kahawa, kila mazungumzo ya siasa yanapoanza, iwe ni kuhusu bei ya mbolea au kiongozi aliyejenga ghorofa kwa muda mfupi, hapakosi mtu wa kusema, "Enzi za Mwalimu haya hayakuwapo." Miaka ya sabini inasifiwa kwamba watoto walisoma bure, mgonjwa alitibiwa bure, mali ya umma iliogopwa na jirani alikuwa ndugu. Wanaosema hivyo si wazee peke yao. Vijana wenzangu, waliozaliwa baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, ndio wanaosema kwa sauti kubwa zaidi, na baadhi yao wanataka nchi irudishwe huko moja kwa moja.

Nyumbani nasikia habari nyingine. Banda la mbuzi la bibi yangu lina mlango wa mninga ambao ni mzito kuliko banda lenyewe. Bibi alinieleza kwamba mlango huo ulitoka katika nyumba yao ya zamani, huko mlimani, na kwamba babu aliubeba kichwani mwaka 1972, siku walipoamriwa kuhamia kijiji kipya kando ya barabara. Migomba waliiacha ikiwa na mikungu. Babu aliporudi siku ya pili kuchukua mtungi na majembe, alikuta paa limechomwa moto ili mtu asipate pa kurejea.

Naomba mnisaidie: nitawajibuje watu wa kijiweni bila kumvunjia heshima bibi, na bila kuwavunjia heshima wao?

Mwalimu Mstaafu, Tabora:

Marahaba, mjukuu wangu. Nilianza kufundisha mwaka 1971, kwa hiyo miaka hiyo naisimulia kama mtu aliyekuwamo, na tena upande wa serikali, maana mwalimu wa wakati ule alikuwa pia katibu wa mikutano, mhamasishaji na mwandishi wa barua za kijiji.

Nianze na yale ambayo sitakubali yapuuzwe. Mwaka 1967, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa takriban theluthi mbili, na kufikia mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi karibu asilimia 39. Idadi hiyo mimi niliiona kwa macho yangu. Jioni, baada ya vipindi vya watoto, walikuja kina mama wenye mikono iliyokakamaa kwa mpini wa jembe, wakashika penseli kwa ngumi kama wanavyoshika mchi, na baada ya miezi kadhaa mmoja wao akakataa kuweka dole gumba kwenye karatasi, akaandika jina lake lote, herufi moja moja, huku wote tukisubiri kimya. Sijaona tena darasa la namna ile. Ilipofika kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wale wale walikusanyika kusikiliza redio na kufuata mafunzo yake kitabuni, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Ila bibi yako hakukosea hata neno moja. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilifika Kigoma mwaka 1972, yaani kabla ya tamko la Novemba 1973 lililofanya kuishi vijijini kuwa amri kwa nchi nzima. Waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967, Ujamaa Vijijini, ulizungumza juu ya watu kujenga ujamaa kwa hiari. Ndani ya miaka michache hiari ile ikawa lori na mgambo. Mwaka 1973 waliokuwa katika vijiji vya ujamaa walikuwa kama milioni 2, na mwaka 1977 waliohesabiwa kuwa vijijini walizidi milioni 13. Jiulize ni ushawishi wa aina gani unaoweza kuhamisha watu wote hao kwa miaka minne. Mwaka 1974, wakati wengi wakiwa ndio kwanza wamehamishwa na hawajui udongo mpya unafaa zao gani, ukame ulikuwa umeshaikamata nchi, na tukala unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, ulioagizwa kutoka ng'ambo. Anayesimulia miaka ya sabini bila kuutaja mwaka 1974 ameruka mto penye kina.

Kuna jambo moja ambalo kijiweni halitajwi kabisa, nalo kwangu ndilo kubwa. Mwaka huo huo wa 1972 ulianza mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zikafutwa. Kwa hiyo siku babu yako alipoambiwa ahame, hakuwa na diwani wa kumlalamikia. Maofisa waliletwa kutoka juu, na hesabu zao zilipelekwa juu. Hapa Tabora mwaka 1958 TANU ilibishana vikali na waziwazi kuhusu kuingia au kutoingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, hadi ukapatikana uamuzi unaoitwa wa busara mpaka leo. Wakulima wa mwaka 1972 hawakupewa nafasi ya kubishana namna ile.

Binti wa Urambo:

Shikamoo Mwalimu. Nami naongeza ya kwetu, kwa kuwa wilaya yetu imeonja mipango mikubwa ya kutoka juu mara mbili. Waingereza walikuja Urambo na mradi wa karanga mwishoni mwa miaka ya arobaini, wakafyeka pori kwa mashine bila kuuelewa udongo wala mvua, na kufikia mwaka 1951 wakauacha. Baada ya uhuru tungetarajia kwamba mkulima angeulizwa kwanza.

Baba yangu alilima tumbaku, na alikuwa mwanachama wa ushirika. Vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa mwaka 1976, yeye hakuitwa kwenye mkutano wowote, bali alipata habari redioni kama mtu baki, ilhali ushirika ule ulijengwa kwa makato ya tumbaku yake. Baada ya hapo alikabidhi mzigo kwa wanunuzi waliowekwa, akapewa karatasi, akasubiri malipo. Msimu mmoja alisubiri mpaka majani ya msimu uliofuata yakawa yako banini yanakaushwa kwa moto wa kuni. Karatasi ile mama aliiweka ndani ya kopo la majani ya chai, na kila jioni baba aliitoa akaisoma tena, ingawa alishaijua kwa kichwa.

Uhaba wa bidhaa mimi niliukuta nikiwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi, kaya ikapata kipande, na jina likawekewa alama kwenye daftari la duka. Foleni ya sukari tuliipanga kwa mawe usiku, kila jiwe na mwenyewe, na ugomvi ulizuka jiwe lilipohamishwa. Siyasemi haya kwa chuki. Nilisoma shule ya msingi bila ada, na nashukuru. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba baba yangu aliishi peponi.

Msafiri wa Reli ya Kati, Kigoma:

Ndugu zangu, naomba tusiwatie wote wanaoikumbuka miaka ile katika kapu moja la watu waliopotoshwa. Uhaba aliousimulia dada hapo juu haukuletwa na siasa ya kilimo peke yake: mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena mwishoni mwa muongo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, kisha ikaja vita ya Kagera mwaka 1978 hadi 1979, ambayo gharama yake tuliilipa kwa miaka mingi.

Pili, tusikilize vizuri wanachokililia. Wengi ninaokutana nao, bandarini na ndani ya behewa, hawatamani foleni wala operesheni. Wanatamani masharti ya uongozi. Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili na kumiliki nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na chama tawala katika kikao cha Zanzibar mwaka 1991, na mtu anayemwona kiongozi wa leo akitajirika ana haki ya kuuliza kwa nini yaliondolewa. Hilo ni dai la leo, limevaa nguo za jana. Lakini nakubaliana na Mwalimu kwamba atakayelidai lazima aseme pia kwamba chama kilikuwa kimoja kisheria tangu mwaka 1965, na kwamba sheria ya mwaka 1962 iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Sharti la uongozi linasimamiwa na nani, kama anayeuliza anaweza kufungiwa?

Mwalimu Mstaafu, Tabora:

Msafiri, umesema vema. Niongeze ushahidi mmoja ambao kijana anaweza kuupeleka kijiweni bila kuonekana anamtukana mtu. Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka 10, Mwalimu Nyerere mwenyewe aliandika tathmini iliyotaja makosa, na mwaka 1984 alisema kwamba lau angeanza upya, mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Ndiyo hayo hayo mawili yaliyompata babu yako Kasulu na baba wa binti yetu Urambo.

Mjukuu wa Kasulu:

Nawashukuru sana. Jana jioni nilimsomea bibi majibu yenu yote. Nilipofika mahali Mwalimu aliposimulia darasa la kina mama, alinisimamisha, akaingia ndani, akatoka na cheti cha kisomo kilichokunjwa mara nne. Sikuwahi kukiona. Darasa lenyewe lilikuwa katika kijiji kile kile walichohamishiwa kwa nguvu, chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi, na babu ndiye aliyembebea taa ya chemli wakati wa kurudi. Nilimuuliza kama anasamehe lile la paa. Akasema kusoma alikupenda, na nyumba yake aliipenda, na hakuna aliyemuuliza kama alitaka kulipia kimoja kwa kingine.

Kesho nitakipeleka cheti kijiweni, kwa ruhusa yake. Ameniagiza niwapeleke wanaotaka wakauone na mlango.