Mrejesho: Jumba la kale la kijijini kwetu limetambuliwa

Ndugu zangu, mwaka jana niliuliza kama jumba la babu yetu, lililojengwa enzi za Mjerumani huko kwetu pwani ya kusini, linaweza kuwa jengo la kumbukumbu la taifa baada ya ukarabati. Asanteni sana, limekubaliwa.

Aliyeniambia nianze na sheria alinisaidia mno. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Letu ni la baadaye, kwa hiyo lilihitaji tamko la waziri kwenye Gazeti la Serikali. Ila mlango! Milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa tayari, na wetu nusura tumuuzie mtu wa mjini. Namshukuru Mungu shangazi alikataa katakata.

Kilichotuchelewesha ni saruji. Fundi wa kwanza aliipiga ukuta mzima, unyevu ukakosa pa kutokea, mawe ya matumbawe yakaanza kumeguka. Tukaibandua yote, tukapiga lipu ya chokaa kama wazee walivyofanya, na boriti zilizooza tukaweka nyingine za mkoko. Afisa wa malikale (mambo ya kale) alipokuja aligusa ule ukuta kwanza, kabla hata ya kufungua faili.

Sasa hatuwezi kubomoa wala kubadili kitu bila kibali. Wajomba wawili bado wananuna. Mimi nimelala humo jana, na kulikuwa na ubaridi mzuri.