Siku tatu Unguja: ubaki Mji Mkongwe au utoke kwenda shamba?

Mwanzisha mada, Tabata

Wadau, habari za jioni. Nimerudi kutoka Unguja juzi na moyo haujatulia, ndiyo maana naleta jambo hili tulijadili. Mtu wa Dar amepata Ijumaa mpaka Jumapili, analala Mji Mkongwe usiku mara mbili. Je, azitumie siku hizo kuzunguka nje ya mji, au abaki mjini?

Mimi na mke wangu tulipanda boti ya saa moja asubuhi, saa tatu tuko bandarini Malindi. Ratiba alitupangia binamu yangu, na sina ugomvi naye, ndivyo watu wengi wanavyopanga. Ijumaa kupumzika, Jumamosi ufukwe wa Nungwi kule kaskazini, Jumapili asubuhi kisiwa cha Changuu, saa kumi jioni boti ya kurudi.

Jumamosi gari lilikuja saa tatu, likapitia hoteli mbili zaidi kuchukua wageni, likasimama sheli, na Nungwi tukakanyaga mchanga saa tano. Bahari nzuri, sitasema uongo. Lakini mjini tulirudi saa moja usiku, mke wangu kichwa kinamgonga kwa jua, tukalala bila hata kufika Forodhani, bustani ya pwani ya vyakula vya jioni.

Jumapili nikaamka mapema. Kabla ya mashua ya Changuu nilikuwa na dakika arobaini, nikajitosa vichochoroni peke yangu, nikapotea mitaa ya Hurumzi. Nikamkuta mzee amekaa barazani, mlango umefunguliwa upande mmoja, anapaka mafuta njumu za shaba moja baada ya nyingine kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Nikamsalimia, akanionyesha chini ya nguzo ya mlango: samaki wamechongwa, juu yao mawimbi, juu ya mawimbi maua. Akaniambia, "Weka mkono." Nikaweka. Mti ule ulikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Alipoanza kunieleza nani aliuchonga, simu ikaita: mashua inaondoka.

Sasa nipigieni hesabu. Tunasema siku tatu, lakini siku kamili ni moja tu, Jumamosi. Ijumaa ni kipande, Jumapili ni kipande. Siku yako moja nzima ukiipeleka Nungwi, mji umeukosa. Na mji wenyewe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, tunautumia kama stendi ya kubadilishia gari. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash, imesimama tangu 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka. Niliipita mara nne, mara zote nikiwa ndani ya gari.

Msimamo wangu: safari ikiwa chini ya siku nne, usitoke. Anayepinga anieleze.

Mkaazi wa Kiponda

Ndugu yangu, karibu tena. Nakuunga mkono lakini si kwa yote.

Ulilosema kuhusu kipande na siku nzima ni kweli tupu, nami nawaona wageni kila wiki wanapita na mabegi, wanauliza njia ya bandarini. Ila na wewe usiufanye mji kama ni mmoja asubuhi hadi usiku. Mji una saa zake. Alfajiri mpaka saa nne ndio wakati wake: sokoni Darajani samaki wanashushwa, watoto wanakwenda skuli na chuoni, vichochoro vina baridi. Adhuhuri jua likisimama, watu huingia ndani. Ijumaa ndiyo khasa, maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, na mgeni asiyejua hubaki anazunguka mbele ya milango iliyofungwa anasema mji umekufa. Alasiri unaamka tena, watu wanarudi barazani, kahawa inapita. Magharibi ndiyo Forodhani.

Kwa hiyo wewe ulikosa asubuhi ya Jumamosi na magharibi ya Jumamosi, na hizo ndizo zinazouma.

Changuu mimi siihesabu kuwa ni safari. Ni kuvuka tu, nusu saa kwa mashua. Gereza la kule kisiwani lilijengwa 1893 likaja kutumika karantini ya homa ya manjano, na kobe wale wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Ukienda asubuhi umerudi kabla ya adhuhuri. Tatizo lako si Changuu, ni kwamba uliipanga katika kipande chako cha mwisho.

Mtembeza wageni, Bububu

Assalaam alaykum nyote. Hapa nitapinga, tena kwa nguvu, kwa sababu kazi hii ndiyo inayonilisha na naijua kwa ndani.

Kaka wa Tabata, unasema ubaki mjini uujue mji. Utaujuaje bila shamba? Ile nyumba ya Hurumzi, mlango ule ulioushika, umelipiwa na nini? Karafuu. Jumba la Barghash limelipiwa na nini? Karafuu na pembe za ndovu, na watu waliouzwa. Mgeni anasimama Mkunazini kanisani, palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, anapiga picha, anaondoka. Lakini biashara haikufa siku ile. Ukienda Mangapwani, kuna chumba kimechimbwa kwenye jiwe, ngazi zinashuka, juu kumeachwa mwanya mdogo wa hewa, walikofichwa watu baada ya biashara ya baharini kupigwa marufuku. Nimeshusha watu mle wakapanda juu hawasemi neno. Mkunazini bila Mangapwani ni nusu ya habari.

Na shamba la viungo si mchezo wa kuonja mdalasini. Mimi huwaeleza wageni kwamba kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ndiyo maana leo karafuu nyingi ziko Pemba. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini kisiwa kimoja kina majumba na kingine kina mikarafuu. Kizimbani, kwenye mashamba hayo, hadi mjini ni nusu saa kwa gari. Ukitoka saa mbili, saa saba unakula mjini.

Kuna na jambo la riziki. Mkisema wote mbaki mjini, mtaa wa Shangani, pesa inabaki Shangani. Anayepanda mkarafuu, anayefunga mwani Jambiani, kijana anayelinda kima punju msitu wa Jozani, wao wale nini? Mji umekwisha kupata sehemu yake.

Kosa lako halikuwa kutoka. Kosa ni kwenda mbali kwa gari la kukusanya watu. Lile gari linakula saa mbili kabla halijatoka mjini.

Mama wa watatu, Mbezi

Jamani, mnaongea kama kila mtu anasafiri na mkewe peke yao. Mimi nina watoto watatu, mkubwa ana miaka tisa. Mlango wa kwanza waliuangalia, wa pili waliuangalia, wa tatu wakaanza kugombana. Mtoto ukimwambia amevuka bahari halafu haogelei, hakuelewi.

Sisi tulikwenda Paje. Tukafika saa tano, bahari haipo. Kweli haipo! Maji yamekwenda mbali hadi unaona wanawake wadogo kama vidole wakikusanya mwani, watoto wangu wamesimama na maboya yao shingoni. Tukakaa mpaka alasiri maji yalipoanza kurudi, na dereva ameshaanza kutuambia muda umeisha. Naomba mnaojua mseme: mtu apangeje?

Mtembeza wageni, Bububu

Mama, pole. Hilo hawakukwambia na ilikuwa haki yako kuambiwa. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndizo siku za bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, kupwa huangukia asubuhi saa nne hadi karibu saa sita, na kujaa huwa alasiri. Siku za maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, tofauti si kubwa. Nungwi ndiyo watu wanaikimbilia kwa sababu kule hata maji yakipwa unaogelea. Kwa hiyo mwenye watoto na siku moja: aangalie mwezi kwanza, halafu ndipo aangalie ramani.

Msafiri wa Nairobi

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Swali hili ni letu pia, ila sisi mji wetu ni Mombasa. Tangu treni ya SGR ianze 2017, wikendi ya Mombasa imekuwa kitu cha kawaida. Unashuka stesheni ya Miritini, bado hujafika mjini, unatafuta gari tena.

Mwaka jana Jumamosi yangu nzima niliipeleka kwenye magofu ya Gede, zaidi ya kilomita mia kwenda, na foleni ya Mtwapa juu yake. Fort Jesus niliiona Jumapili nikiwa ndani ya tuktuk. Ngome ya 1593, nimeisoma tangu darasa la sita, na sikuingia.

Lakini mkiniuliza kama najuta, sijuti. Kule Gede nilifika saa nne na nusu, kulikuwa na watu wachache sana. Mji mzima wa mawe ndani ya msitu, msikiti mkuu hauna paa, visima vikavu, mizizi ya miti imekumbatia kuta. Kuna kaburi lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Nilisimama hapo nikafikiria kwamba watu walikuwa wanakula kwenye sahani za Uchina mahali hapa, halafu wakaondoka wote. Kitu kama hicho Mombasa mjini singekipata. Fort Jesus itaningoja, iko pale.

Kwa hivyo mimi nasema swali si kilomita. Swali ni kama kile unachokifuata kiko huko peke yake. Fuo ziko kila mahali. Gede ni moja.

Mwanzisha mada, Tabata

Nairobi, umenigusa. Ila hapo kwa "itaningoja" sikubaliani nawe hata kidogo. Waliosema Beit al-Ajaib itawangoja walisema hivyo hivyo. Na watu wanazeeka. Mzee wangu wa Hurumzi kwa macho ni miaka themanini na kitu.

Kaka wa Bububu, kwa Mangapwani na karafuu nimekubali, nasema wazi. Sikuwahi kuiweka hivyo. Ningepata hilo badala ya Nungwi nisingelalamika. Lakini hoja ya riziki haijaniingia vizuri. Ile siku ya Nungwi nilinunua nini huko? Maji na chakula cha hoteli. Ningebaki mjini ningemlipa wa urojo, wa kahawa, wa juisi ya miwa, na kofia ya mkono ningeinunua kwa mama aliyeishona.

Kijana wa Michenzani

Nimesoma yote kwa utulivu na nina neno. Nyote mnaposema "mji" mnamaanisha Mji Mkongwe, na mnaposema "kutoka" mnamaanisha gari. Sisi tuko wapi?

Vukeni barabara ya Darajani. Pale palikuwa na mkondo wa maji, ukafukiwa, na upande wa pili ndiyo ukaitwa Ng'ambo. Wakaazi wengi wa mji huu wanaishi Ng'ambo, si kwenye vichochoro vya picha. Majumba ya Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, marefu, yamepangwa msalaba. Bibi yangu alihamishiwa humo kutoka nyumba ya udongo, akaogopa ngazi mwezi mzima, alikuwa anashuka kwa makalio. Hiyo nayo ni historia ya Zanzibar, tena unafika kwa miguu kutoka Forodhani. Jioni vijana wanacheza mpira, mama wanauza mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga, na mgeni simwoni hata mmoja.

Kwa hiyo mtu mwenye siku mbili asiniambie lazima achague kati ya mlango na Nungwi.

Mkaazi wa Kiponda

Kijana wa Michenzani amesema kweli, na mimi wa Kiponda nakiri kwamba hata sisi wenyeji wa huku tunawaelekeza wageni kana kwamba dunia inaishia Darajani.

Mwanzisha mada, Tabata

Nashukuruni sana. Mwezi wa nane narudi, Ijumaa mpaka Jumapili tena, safari hii napanga mwenyewe. Nimeandika hivi: Ijumaa kufika na Ng'ambo jioni. Jumamosi asubuhi saa mbili Mangapwani na Kizimbani na kaka wa Bububu, saa saba narudi, moja kwa moja Hurumzi kwa yule mzee amalizie habari yake. Jumapili mjini. Nani ana la kurekebisha?

Mkaazi wa Kiponda

Mimi nnalo. Mzee huyo ni wa mtaa wa jirani, namjua kwa miaka. Hukaa barazani asubuhi tu, wakati kivuli kiko upande wake. Ikikaribia saa sita jua linageukia mlango wake, anakunja kitambaa chake anaingia ndani kulala, na alasiri huwa msikitini kisha kwa mwanawe. Ukirudi kutoka shamba saa saba utaukuta mlango umefungwa.

Mwanzisha mada, Tabata

Basi kaka wa Bububu, tutoke Ijumaa baada ya sala, Mangapwani peke yake, Kizimbani tuiache. Ng'ambo nitaihamishia Jumamosi jioni. Jumamosi asubuhi niko Hurumzi.